Ripoti Haina "Wa Ngapi", Mtoto Anapima Dagaa: Nimhamishe Shule?

Shikamoo Mwalimu.

Mimi nafanya biashara ya dagaa Kirumba Mwaloni. Nina watoto wanne. Kulwa na Doto wako kidato cha pili shule ya serikali, Shija anayewafuata ana miaka tisa, na mdogo wao bado namfunga mgongoni. Ninayekuandikia habari zake ni Shija.

Baba yao yuko mgodini Geita. Kazi ilipomkalia vizuri aliamua Shija asome shule ya kimataifa hapa hapa Mwanza, inayofuata mtaala wa Cambridge. Sikupinga. Sasa mtoto yuko Mwaka wa 5, na kusema kweli sijui anasoma nini.

Kulwa na Doto walikuwa wanaleta ripoti imeandikwa "wa 9 kati ya 112", basi najua nifurahi au nigombe. Ripoti ya Shija ina kurasa za maelezo tu: anashirikiana na wenzake, anauliza maswali mazuri, aongeze umakini kwenye kupanga kazi yake. Wa ngapi, hakuna. Nilimfuata mwalimu wake, binti mpole kabisa, akaniambia wao hawapangi watoto kwa namba. Sasa nitajuaje kama hela yetu inafanya kazi?

Pasaka iliyopita wifi yangu alikuja na mwanawe wa darasa la nne anayesoma inglishi midiamu ya Nyakato. Tukawauliza wote wawili, saba mara nane ngapi? Mtoto wa wifi alijibu kabla sijafunga mdomo. Shija akaangalia dari, akanong'ona, "saba mara saba arobaini na tisa, ukiongeza saba… hamsini na sita." Wifi alicheka mpaka nikaona aibu.

Kisha kuna hili la dagaa. Siku moja narudi nyumbani nakuta kachukua dagaa wabichi niliokuwa nimeweka wa mboga, kawagawa: wengine juu ya mchanga, wengine juu ya kipande cha wavu alichokiinua kwa matofali, wengine kwenye bati. Mizani yangu ya dukani iko uani. Kila saa anapima anaandika. Nikamwambia mimi nimeanika dagaa tangu hujazaliwa, ungeniuliza ningekwambia. Akasema mwalimu kasema wasiulize, wapime. Mwezi uliofuata akaja mwaloni na daftari akawa anawahoji wavuvi kwa nini samaki wanapungua, na nani anavua kwa kokoro, ule wavu wa kukokota. Baba mmoja akanivuta pembeni kuniuliza kama mwanangu katumwa na watu wa kodi.

Hayo yote ningevumilia. Lililonivunja moyo ni bibi yake alipokuja kutoka Ukerewe. Shija alimwandikia kadi: "Beebee nakupenda sana." Akipewa kitabu cha Kiswahili anasoma kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Anajua Warumi walivyojenga barabara zao. Bibi akamuuliza, Nyerere ni nani? Akajibu, "Ni ile meli iliyozama." Bibi akanyamaza. Sisi watu wa Ukerewe meli ile tunaijua.

Shemeji yangu wa Dar anasema tunatupa hela, tumhamishe haraka. Baba yake anasema tuvumilie, ila mkataba wake wa kazi unaisha mwakani na hajui kama utaongezwa. Nimhamishe au nimwache?

Mama Shija, Mwanza

—

Marahaba, Mama Shija. Poleni na safari ya kutafuta ada.

Nianze na dagaa, maana ndipo penye jibu la swali lako la "anasoma nini", na ndipo ulipomwonea mtoto kidogo.

Wewe unajua dagaa aliyeanikwa kichanjani hukauka vizuri kuliko wa mchangani, na mteja wa Kongo akimtafuna mmoja akasikia mchanga, bei inashuka. Unajua kwa sababu umeona kwa miaka. Shija alichotumwa na mwalimu wake ni kuthibitisha jambo hilo mbele ya mtu asiyekujua wewe. Nina hakika ukimuuliza atakwambia dagaa wote walikuwa wa uzito mmoja, waliwekwa juani kwa wakati mmoja, uani hapo hapo, kilichotofautiana ni kitu kimoja tu: walipolazwa. Hilo ndilo jaribio la haki. Katika sayansi ya Cambridge ya shule ya msingi, pamoja na viumbe, maada, nguvu na nishati, na habari za dunia na anga, kuna sehemu nzima ya kufikiri na kufanya kazi kisayansi: kuuliza swali linaloweza kupimwa, kubashiri, kupima, kuandika kwenye jedwali, kuchora grafu, halafu kusema matokeo yanaonyesha nini na hayaonyeshi nini. Sehemu hiyo haina kipindi chake peke yake. Inapenya kwenye kila mada, tangu mtoto ana miaka mitano.

Kwa hiyo uani kwako siku ile palikuwa na sayansi (maji kugeuka mvuke, na hewa kupita chini ya wavu), hisabati (kupima gramu, kutoa, kuchora grafu), na Kiingereza kama aliandika taarifa. Naomba umwombe akuonyeshe lile jedwali. Kama kaandika uzito wa kila saa, utaona kitu ambacho hata wewe mwenye uzoefu huenda hukijui kwa namba: dagaa hupoteza maji mengi saa za mwanzo, kisha kasi hupungua. Hiyo ni habari ya kibiashara, mama. Wakati wa masika, ukijua saa zipi mbili za jua ndizo zenye faida, unajua lini uwahi kuanua. Na dagaa wale wa mboga msamehe, alikuwa anakufanyia kazi.

Akija tena na daftari, mpe swali hili: kwa nini mwezi ukiwa mkubwa dagaa huadimika sokoni? Wavuvi wako wanalijibu kila mwezi kwa kukaa nyumbani. Dagaa hufuata taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa ya mtumbwi haina mvuto. Mtoto wa Mwaka wa 5 anasoma mwendo wa dunia na mwezi. Mwalimu wake, hasa kama hakukulia ziwani, hawezi kuwa na mfano mzuri kuliko huo.

Sasa yale mahojiano ya mwaloni. Cambridge wana somo linalohusu kuangalia mambo ya dunia kwa macho ya watu mbalimbali, na halifundishi habari mahususi za kukariri. Linafundisha stadi sita: kutafiti, kuchambua, kutathmini, kutafakari, kushirikiana na kuwasiliana. Mtoto anapewa jambo lenye mabishano, na hapa kwetu hakuna jambo lenye mabishano kama ziwa. Mvuvi wa mtumbwi atamwambia samaki wanapungua kwa sababu watu wamezidi. Mwenye kiwanda cha minofu atasema ni kokoro. Afisa uvuvi atasema ni sangara wachanga kuvuliwa. Mzee wa Ukerewe atamkumbusha kwamba sangara mwenyewe si wa hapa, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na furu wa aina nyingi wakaliwa wakaisha. Halafu kuna gugumaji. Na ziwa lenyewe, la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ni letu sisi, Uganda na Kenya, kwa hiyo Mwanza ikijizuia peke yake haitoshi. Mtoto wa miaka tisa akiweza kusema "huyu anasema hivi kwa sababu ana masilahi haya", amesoma. Ila mwalimu alipaswa kumpa barua ya shule aje nayo mwaloni. Yule baba alikuwa na haki ya kushtuka. Liseme shuleni, ni kosa lao.

Kwenye hisabati nitagawa lawama. Shija alipata 56. Alianzia pale anapopajua, akaongeza saba, akafika. Mtoto anayefanya hivyo hawezi kukwama akisahau, kwa sababu anajua jinsi ya kujijengea upya jibu. Mtaala wake unalenga hilo: akipewa 24 mara 6 anavunja 24 kuwa 20 na 4, anapata 120 na 24, anajumlisha. Kichwani, bila karatasi. Mtoto wa wifi mpe hiyo ya 24 mara 6 uone.

Lakini asiangalie dari. Mpango wa Cambridge unataka mtoto ajue majedwali yote ya 1 hadi 10 afikapo hatua ya 4, yaani Mwaka wa 4, na Shija amekwisha kuipita. Kule Uingereza kwenyewe, ambako watu wa huku hudhani watoto wanacheza tu, mwanafunzi wa Mwaka wa 4 wa shule za serikali hukaa mbele ya kompyuta akaulizwa maswali 25 ya kuzidisha, kila moja sekunde sita, na majedwali yanakwenda hadi 12 mara 12. Kwa hiyo mwalimu akikwambia "sisi hatukaririshi, tunaelewesha", mwambie kwa heshima kwamba mtaala wake mwenyewe unataka vyote viwili. Hapa wifi yako ana hoja, ingawa kicheko hakikuwa cha lazima.

Kuhusu namba ya darasani: "wa 9 kati ya 112" inakuambia mtoto amewapita wangapi, haikuambii anajua nini. Darasa zima likiwa dhaifu, wa kwanza naye ni dhaifu. Shule za Cambridge hupima mtoto dhidi ya malengo ya hatua yake. Msingi una hatua sita, kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na mmoja, na mwisho wa hatua ya sita kuna mtihani uitwao Checkpoint wa Kiingereza, hisabati na sayansi, unaosahihishwa na Cambridge wenyewe. Matokeo yake yanaonyesha mtoto yuko imara wapi na wapi anapwaya, ndani ya kila somo. Shule zinazotumia mtaala huu huwa pia na vipimo vya kila mwaka vya hatua ya 3 na kuendelea. Basi usiulize tena "wa ngapi", maana binti yule mpole atakupa jibu lile lile. Muulize: "Kwenye hisabati, katika namba, maumbo na vipimo, na takwimu, Shija yuko juu ya matarajio ya hatua yake, sawa nayo, au chini? Nionyeshe daftari linalothibitisha." Mwalimu anayeijua kazi yake atafungua daftari palepale. Akianza kuzungukazunguka, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi na hela yako.

Na hili nalo lichunguze. Neno "kimataifa" kwenye geti si mtaala. Kuna shule zinazofuata Cambridge, kuna zinazofuata mtaala wa taifa wa Uingereza, kuna zile za IB (International Baccalaureate) yenye mizizi Geneva, ambayo programu yake ya msingi ilianza 1997 na hufundisha kwa mada kuu sita badala ya masomo yaliyotengana, mtoto akimaliza kwa onyesho la utafiti wake mwenyewe. Na kuna shule zinazonunua vitabu vya Cambridge tu, basi, zikapandisha ada. Tovuti ya Cambridge ina sehemu ya kutafuta shule zilizosajiliwa nao. Mwambie Kulwa au Doto akuangalizie kwenye simu. Kama shule ya Shija haimo, waulize shuleni watoto wao watafanyia wapi Checkpoint. Wale Warumi nadhani wametoka kwenye mtaala wa Uingereza, ambao shule nyingi huuchanganya na Cambridge upande wa historia: Warumi, Waviking, Misri ya kale, Ugiriki. Una hata mada ya ufalme wa Benin wa Afrika Magharibi, miaka ya 900 hadi 1300, kwa shule inayopenda kuichagua. Hauna Mirambo, hauna Kinjeketile, na hauna Nyerere.

Hapo ndipo tunafika kwa bibi, na hapo sina la kuitetea shule.

Mtoto wa Kitanzania kumjua Nyerere kama kivuko tu, hilo ni pengo. Kisa cha MV Nyerere cha Septemba 2018 pale Ukara ni historia na anastahili kukijua, lakini ni lazima ajue kivuko kilipewa jina la nani na kwa nini. Mtaala wetu mpya, ulioanza 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, umeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili tangu msingi. Mtoto wa wifi yako analisoma. Shija hatalipata Cambridge hata akae mpaka kidato cha sita chao, isipokuwa shule iamue yenyewe kuliongeza. Waulizeni kwenye kikao cha wazazi kwa nini hawajaongeza. Usiulize wewe peke yako, ulizeni wazazi wengi kwa pamoja, mkiwa na pendekezo la vipindi viwili kwa wiki.

Wakati mnasubiri, fundisheni nyumbani, na nyumbani kwenu kuna walimu wa kutosha. Kulwa na Doto wana vitabu vyao vya historia. Wamsomee Shija jioni, halafu Shija awaeleze kwa Kiingereza walichosoma, wote watafaidika. Mpelekeni Bujora, Kisesa, si mbali, akaone ngoma za watemi wa Usukuma na asikie zilikuwa na kazi gani. Mkimpeleka msimu wa ngoma wa Juni, vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu wakishindana, hatahitaji kuambiwa atulie. Bibi amsimulie Ukerewe ya utoto wake, pamba ilivyouzwa kwenye ushirika, meli zilivyokuwa zinapakia. Mwambie Shija amhoji na daftari lake lile lile la mwaloni. Bibi hatamdhania mtu wa kodi.

Kiswahili chake kisikutishe, ila kisingoje. Mtoto anaongea Kiswahili vizuri, sivyo? Tatizo lake ni la herufi. Alifundishwa kusoma kwa njia ya sauti za Kiingereza, ambako sauti "ii" huandikwa kwa e mbili, ndiyo maana bibi akawa "Beebee". Amefuata kanuni aliyopewa. Kiswahili chetu kina irabu tano na kila moja ina sauti moja, haigeuki. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma lugha ngumu kama Kiingereza hahitaji kuanza KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) upya. Anahitaji mtu amkalishe, amwonyeshe a e i o u, kisha silabi za kwetu zenye ng', ny, dh, gh, halafu asome kwa sauti kila siku. Dakika kumi na tano zinatosha. Kuandika ndiko kutachukua muda, na dawa yake unayo dukani: mpe daftari la madeni. Jina la mteja, sado ngapi au gunia ngapi, kalipa kiasi gani, kabakiza kiasi gani, lini kaahidi. Ataandika Kiswahili chenye maana na hesabu juu yake, na akikosea jina la mtu mwenye deni utaligundua siku hiyo hiyo. Ukipata mwalimu wa darasa la tano au la sita wa shule ya jirani akamfundisha Jumamosi insha na methali, itakuwa vizuri zaidi. Baadaye akibaki huko huko, Kiswahili kipo pia kati ya masomo ya IGCSE, mtihani wa sekondari wa Cambridge, kwa hiyo hakitakuwa kazi bure.

Sasa swali lako lenyewe. Nimeliacha mpaka hapa kwa sababu halihusu ubora wa mtaala. Linahusu mkataba wa baba Shija.

Njia ya Cambridge ni ndefu na haina kituo cha katikati chenye manufaa. Baada ya msingi kuna miaka mitatu ya sekondari ya chini, kisha miwili ya IGCSE, mtoto akiwa na miaka kama kumi na sita. IGCSE ndiyo karatasi ya kwanza yenye uzito hapa nchini: NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hufanya ulinganifu wake na kidato cha nne. Checkpoint ya msingi haina uzito huo. Ni kipimo kizuri cha kumjua mtoto, lakini kupangiwa kidato cha kwanza shule ya serikali kunategemea mtihani wa NECTA wa kumaliza msingi, na mtoto hufuatiliwa kwa namba ya PReM, namba yake ya utambulisho wa mwanafunzi, tangu huko chini. Mtoto anayetolewa shule ya kimataifa akiwa na miaka kumi na mmoja, na cheti cha Checkpoint mkononi, anabaki kwenye shule binafsi na usaili wao, na wazazi wanaanza kuzunguka maofisini. Nimewaona wengi wamefika hapo, na karibu wote walisema "tuvumilie kwanza".

Kwa hiyo kaeni, wewe na baba yake, siyo shemeji wa Dar, mpige hesabu ya miaka sita au saba inayobaki mpaka IGCSE. Msiipige kwa mshahara wa mgodi peke yake. Pigeni na biashara yako, mkijiuliza: mgodi ukifunga mlango, dagaa wanaweza kumsomesha Shija huko mpaka mwisho bila Kulwa na Doto kukosa mahitaji ya kidato cha tano? Mkiona ndiyo, mwacheni alipo. Anasoma vizuri, na mapengo yake ni ya kuzibika nyumbani.

Mkiona hapana, au mkajikuta mnasema "Mungu atajalia", mhamisheni, na mhamisheni sasa akiwa bado ana miaka miwili mitatu ya kuzoea kabla ya mtihani wa mwisho, si baada ya Checkpoint. Na usimpeleke kwa unyonge. Atakwenda na Kiingereza imara na akili ya kupima mambo, na mtaala wetu mpya nao unadai umahiri huo huo, si kukariri. Tofauti ya urefu pia inapungua: msingi wa kwetu unashuka kuwa miaka sita, na 2027 ndio umepangwa darasa la sita na la saba wamalize pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo, sekondari zitafurika wanafunzi 2028, kwa hiyo uliza mapema mtoto wa umri wake akiingia Januari ataangukia kundi lipi. Mkuu wa shule mtakayoichagua atakueleza habari ya upimaji wa darasa la nne na usajili wa namba ya PReM. Asipojua, nenda ofisi ya elimu ya halmashauri kabla hujalipa chochote.

Angalia na kalenda. Shule yake inaanza mwaka Agosti au Septemba, zetu Januari, kwa hiyo wakati wa kumtoa ni muhula unaoisha Desemba. Nyingi ya shule hizi hudai taarifa ya maandishi muhula mzima kabla, vinginevyo mnalipa muhula ambao mtoto hayupo. Toeni fomu mliyosaini siku ya kumwandikisha, msome kifungu hicho leo usiku, na kama mmeamua kuhama, barua iwe imefika shuleni kabla muhula wa Agosti haujaanza.